Nyumba ya mjini: Mkunazini, Kikwajuni au fleti ya Michenzani?

Mpangaji wa Magomeni

Assalamu alaykum wana jukwaa. Tunatafuta nyumba ya kununua mjini Unguja, si shamba. Tuko saba: mimi na mume wangu, watoto wanne wa skuli, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Gari tunayo moja. Dalali ametuonesha tatu:

1. Mkunazini, nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, ndani kabisa ya uchochoro. Wanauza ndugu, baba yao keshafariki. Bei yake ndiyo ndogo kuliko zote.
2. Kikwajuni, nyumba ya chini ya matofali, bati, ina ua mdogo.
3. Fleti ya Michenzani, ghorofa ya tatu.

Dalali anatusukumia ya Mkunazini: "mtaa wa hadhi, mkapake rangi tu muingie". Jee, tuangalie nini, na kwa mpangilio gani, kabla hatujatoa hata shilingi?

FundiChokaa

Waalaykum salaam dada. Nyumba ya mawe ikiambiwa "kapake rangi tu", hapo ndipo pa kutia shaka. Kwanza uliza hiyo rangi ya sasa imefunika nini.

Kuta za Mji Mkongwe, ambamo Mkunazini imo, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene nusu mita au zaidi. Ukuta huo hunyonya unyevu na hupumua. Tatizo ni mtu kuupiga lipu ya saruji akidhani anauimarisha. Saruji haipumui, unyevu unabaki ndani, chokaa ya katikati inalainika inakuwa kama mchanga, na chumvi inasukuma lipu kwa nyuma. Kwa nje unaona ukuta safi, ndani umeoza. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia usawa wa goti mpaka kichwani. Pakilia bwubwubwu kama mtungi mtupu, lipu imeachana na jiwe. Ukiona unga mweupe wa chumvi chini ya ukuta, au rangi mpya ya mafuta upande mmoja tu wa chumba, uliza kwa nini.

Pili, boriti. Sakafu za juu zimelala juu ya miti ya mikoko, na mti wa kawaida hauvuki mita 3, ndiyo maana vyumba vya kule ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti kuna tabaka la mawe madogo na chokaa, zito sana. Boriti mara nyingi haianzi kuoza katikati. Inaoza kichwani, pale inapoingia ukutani, hasa chini ya choo au jiko lililoongezwa ghorofani baadaye. Chukua bisibisi ndogo, panda ngazi, isukume kwenye kichwa cha boriti. Ikikwama, mti mzima. Ikizama kama kwenye boflo, hesabu boriti ile imekwisha, na za jirani yake zipime zote.

Tatu, timazi. Mwombe mtu apande darini atoe kijiti cha sentimita 10 nje ya ukuta, ateremshe uzi wenye uzito mpaka karibu na ardhi. Pima nafasi baina ya uzi na ukuta juu, katikati na chini. Zikiwa 10, 10, 10, ukuta umesimama. Zikiwa 10, 6, 10, ukuta umetoa tumbo la sentimita 4 kuelekea uchochoroni, maana yake sakafu ya kati haiushiki tena. Hiyo si kazi ya rangi.

Ufa nao usiuogope wala usiupuuze. Bandika kipande chembamba cha plasta ya jasi (si ile ya kidonda) juu ya ufa, andika tarehe, rudi baada ya wiki nne. Plasta ikipasuka, nyumba bado inatembea. Muuzaji asiyekubali kipande hicho kibandikwe ameshakujibu.

Panda na kwenye paa. Mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya paa, ukiziba unamwaga maji ya mvua ukutani masika nzima, na mengi ya hayo niliyoyataja yanaanzia hapo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria la Forodhani, ilipoporomoka Disemba 2020 watu walishangaa, lakini nyumba ndogondogo za vichochoroni huanguka bila ya kuandikwa gazetini.

Usisahau gharama ya njia. Mchanga na chokaa lori linamwaga barabarani, kutoka hapo ni rikwama na mabega. Mpeleke fundi aione njia kabla hajataja bei.

Hati na Muhuri

Fundi kasema ya mawe, mimi niseme ya karatasi, kwa sababu ukuta unajengeka, hati mbovu haijengeki.

Nyumba za Mji Mkongwe ziko za aina tatu: za watu binafsi, za wakfu (zilizofungwa kwa ajili ya kheri), na za serikali, ambazo nyingi zilichukuliwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ya wakfu haiuzwi. Ya serikali anayekaa ndani ni mpangaji, na akikuuzia anakuuzia kilemba tu, yaani nafasi yake ya kukaa, si nyumba. Mtu anakaa miaka arubaini mpaka mtaa mzima unasema "nyumba ya fulani", na bado si yake. Kwa hiyo neno la majirani halitoshi, na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, haitoshi. Sheha anathibitisha nani anakaa na nani anajulikana; hahamishi umiliki.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Anza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, uliza kama nyumba imo katika wakfu. Ni hatua rahisi, na ndiyo inayoweza kuumaliza mjadala siku hiyohiyo. Kisha nenda kwa Mrajis wa Ardhi, uliza jina lililoandikwa, kama kuna rehani au zuio la mahkama, na kama ramani ya kiwanja inalingana na nyumba unayoiona. Hapa kuna mtego wa Mji Mkongwe: wikio, kile chumba kinachopita juu ya uchochoro kuunganisha nyumba mbili. Kinaweza kuwa ndani ya nyumba yako kwa mlango, lakini kwa hati ni cha jirani. Ngazi na ukuta wa pamoja ni vivyo hivyo, viandikwe.

Halafu mirathi, na kwa hiyo ya Mkunazini hapa ndipo penye kazi. "Wanauza ndugu" haitoshi. Dai uamuzi wa mahkama ya kadhi au karatasi ya mgao inayowataja warithi wote. Kama marehemu kaacha mjane, ana thumuni yake (moja ya nane) ikiwa marehemu kaacha watoto, na mtoto wa kike ana fungu lake, nusu ya la kaka yake. Mara nyingi wanaokuja kuuza ni wanaume watatu, na dada aliyeolewa Pemba hakuulizwa. Akija baadaye na hati ya mahkama, mnunuzi ndiye anayebaki na kesi. Kila mrithi asaini, au awe na wakala wa maandishi.

Mwisho, ardhi Zanzibar ni mali ya umma, na unachonunua ni haki ya matumizi pamoja na jengo. Kwa Sheria ya Uhamishaji wa Ardhi ya 1994, mauziano yanapitia Bodi ya Uhamishaji Ardhi kabla ya kusajiliwa. Mkataba wa mezani wenye mashahidi wawili na picha za simu si uhamisho. Toeni kianzio kidogo kwa maandishi, kiasi ambacho mkikipoteza hamtolala njaa, na sehemu kubwa ya fedha ibaki mpaka Bodi iridhie. Mkataba useme wazi kianzio kinarudi Bodi ikikataa.

Na nyumba ya Mkunazini hata ikiwa safi kwa karatasi, imo ndani ya eneo la hifadhi, urithi wa dunia tangu 2000. Kubadili dirisha, mlango, hata kuongeza choo, kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Uliza vibali vya kazi zilizokwishafanywa. Ukinunua nyumba yenye ghorofa iliyoongezwa bila kibali, umenunua na kosa lake.

Bint Vikokotoni

Mmemaliza Mkunazini, na ya Kikwajuni mmeipita kama kituo cha daladala! Kwa mwenye mama wa magoti na gari moja, mimi ningeanza hapo.

Ng'ambo, yaani mitaa ya nje ya Mji Mkongwe kama hiyo Kikwajuni, usichague kwa jina la mtaa, chagua kwa maji yanakokwenda. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari uliofukiwa, na majina bado yanausema: Darajani palikuwa na daraja, Funguni ni fungu la mchanga. Hapo chini mvua kubwa na bahari kujaa vikikutana, mitaro inajaa haraka. Ndani zaidi, Sebleni na Mwanakwerekwe zilikuwa zikisifika kwa mafuriko mpaka mitaro mikubwa ilipojengwa, na hata sasa mtaro uliojaa chupa za maji ni sawa na hakuna mtaro. Kikwajuni kwa jumla iko afadhali, lakini nyumba moja na ya pili hazifanani. Tafuta alama ya maji kwenye kuta za majirani, siyo ya muuzaji, kwa sababu ya muuzaji imeshapakwa rangi. Tazama vizingiti: mtaa ambao kila nyumba imejenga kizingiti cha tofali mbili mlangoni unakwambia kitu. Na mwone muuza duka wa kona. Mwulize magunia ya mchele anayaweka juu ya nini wakati wa masika.

Nenda mara tatu: siku ya mvua kubwa, usiku baada ya isha, na asubuhi skuli zinapoingia. Hapo utajua gari litalala wapi, maana ramani haikuoneshi kuwa nafasi ile mbele ya nyumba ni maskani ya vijana kila jioni.

Karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, liko wapi? Nyumba nyingi za Ng'ambo karo limo uani au chini ya njia ya pamoja. Gari la kunyonya lisipofika karibu kiasi cha mpira wake, kila kujaa ni fedheha ya mtaa mzima. Na kama kuna kisima, onja maji, halafu pima umbali wake na karo, la kwako na la jirani.

Uliza na mipango miji. Kwahani nyumba za zamani zilibomolewa zikajengwa ghorofa mpya, na Ng'ambo yote imeshachorewa mpango. Ukinunua pahala panapotarajiwa kuvunjwa, ujue kabla nani analipwa na kwa karatasi ipi.

Hati na Muhuri

Naongeza kwa fleti, kwa ufupi. Michenzani zilijengwa kuanzia miaka ya sabiini, na wengi waliopewa walipewa kwa kuwa nyumba zao zilibomolewa kupisha mradi. Kwa hiyo swali la kwanza si bei. Anayeuza ana hati ya kuuza, au ana haki ya kukaa tu? Jibu liulizwe Shirika la Nyumba, si kwa jirani wa mlango wa pili.

FundiChokaa

Na ghorofa ya tatu bila lifti, kwa magoti hayo? Hesabu vidato kabla ya kuhesabu fedha. Kidato kikivuka sentimita 18 mgonjwa wa magoti ataanza kubaki ndani. Kwenye nyumba ya mawe ni vibaya zaidi, vingi vinavuka 20 na ngazi haina pa kushika.

Mpangaji wa Magomeni

Ahsanteni sana, mmetufungua macho. Maswali mawili tu. Mrithi mmoja wa Mkunazini yuko Maskati, wanasema "tutampigia simu". Na Kikwajuni tumeambiwa maji ya bomba hayatoki kila siku. Tangi la lita ngapi, na liwekwe wapi?

Hati na Muhuri

Simu haisaini. Aandike hati ya uwakala, ithibitishwe kwenye ubalozi wetu kule, itaje nyumba hii kwa namba ya hati na mtaa, na itaje kuuza, siyo "kusimamia" tu. Wakala wa kusimamia hana mamlaka ya kuuza. Wakikwambia itachukua muda, sawa, na fedha zenu nazo zisubiri muda huohuo.

Bint Vikokotoni

Watu saba, kila mmoja lita 80 kwa siku kwa kuoga, kupika, choo na kufua kwa kiasi, ni lita 560. Tangi la lita 2,000 ni siku tatu na nusu. Maji yakitoka siku moja na kuruka mbili linatosha, yakiruka nne halitoshi. Basi waulize majirani watatu maji hutoka siku gani na saa ngapi, usimuulize dalali. Usiku wa manane ndio jibu la mara nyingi, kwa hiyo weka boya la kufunga lenyewe.

FundiChokaa

Mahala pake: lita 2,000 ni tani mbili, bila ya kuhesabu tangi. Usiliweke juu ya dari ya nyumba ya chini eti kwa kuwa "pana zege". Liweke chini uani juu ya jukwaa la zege la sentimita 15 lenye nondo, halafu dogo la lita 500 juu ya mnara wa chuma uliosimama kwa miguu yake, na pampu baina yao. Mnara usiegemee ukuta. Na kabla ya kumwaga zege hakikisha chini yake si karo. Mtu wa kukuonesha lilipo ni yule aliyelichimba au jirani mkongwe, siyo mwenye nyumba wa sasa.