Jenereta ya mawimbi: taa ya redio kol inawaka, mlio hausikiki

Muulizaji, Arusha

Habari za kazi, wakuu. Ninatengeneza redio kol za magari ya watalii, na nimenunua jenereta ya mawimbi ya redio (chombo cha kutoa mawimbi ya kupimia redio) iliyokwisha kutumika, isiyo na kitabu cha maelekezo. Nimeweka masafa ya megahezi 155.500 na nguvu ya -60 dBm (desibeli kwa kulinganisha na miliwati 1), kisha nikabonyeza RF ON, kitufe cha kuruhusu mawimbi yatoke. Taa ya kijani ya redio inawaka, lakini spika iko kimya, ingawa nimekwisha kubonyeza FM na kuchagua toni ya kilohezi 1. Je, kasoro iko kwenye jenereta au kwenye redio?

Fundi, Moshi

Mkuu, kwa kuwa taa inawaka, mawimbi yanafika. Angalia kwanza kama kuna kitufe cha pili kilichoandikwa MOD ON/OFF, kwa sababu katika jenereta nyingi FM huchagua aina tu, na toni haipandi juu ya mawimbi mpaka kitufe hicho kiwashwe. Pili, weka kiasi cha mtikisiko wa masafa, yaani masafa yapande na kushuka kiasi gani kwa kufuata toni: kilohezi 1.5 kwa chaneli ya kilohezi 12.5, au 3 kwa chaneli ya 25. Ukiandika 1.5 usiishie hapo, bonyeza na kitufe cha kipimo, yaani kHz, la sivyo namba itabaki kwenye kioo bila kukubaliwa.

Kama bado kimya, ninashuku redio yenyewe imepangwa kusubiri toni ya chini isiyosikika, kwa mfano hezi 88.5, na hadi ipokee toni hiyo spika haifunguki. Shikilia kitufe cha monita, kinachofungua spika bila kusubiri toni, utajua mara moja.

Mchangiaji mwingine, Arusha

Naongeza jambo ambalo lilipaswa kutangulia: usiguse kabisa kitufe cha kuongelea wakati redio imeungwa kwenye jenereta. Redio ya wati 5 hurudisha +37 dBm kwenye tundu ambalo kazi yake ni kutoa, na kipunguza nguvu cha ndani kinaweza kuungua. Baadhi ya jenereta zina kinga, lakini kwa mashine ya mtumba mimi nisingeitegemea. Mimi huchomoa maikrofoni kabisa.

Muulizaji, Arusha

Asanteni sana. Ilikuwa ni toni ya chini. Nimeshikilia monita na mlio umesikika vizuri. Nimeshusha nguvu kidogo kidogo, na redio inaendelea kusikia hadi -130 dBm. Nadhani ni nzima kabisa.

Fundi, Moshi

Hapo sikubaliani, mkuu. Redio kol nzuri huanza kupotea kwenye maikrovolti 0.25 hivi, ambayo ni takriban -119 dBm kwa omu 50, hivyo -130 ni nzuri kupita kiasi. Chomoa waya upande wa redio, uache jenereta ikiwa imewashwa: mlio ukiendelea, mawimbi yanavuja hewani, mara nyingi kwenye waya uliochakaa au kiungio kilicholegea. Vilevile, kama utasoma kwa maikrovolti, tazama kama kioo kinaonyesha EMF (volti ya jenereta kabla ya kuungwa na redio), kwa kuwa hapo namba huwa mara mbili ya volti inayofika kwenye redio, yaani tofauti ya desibeli 6.