Naombeni ushauri: insha ya madaraka ya majimbo Marekani imenikwamisha

Wakuu habari za wakati huu. Nimerudi darasani ukubwani, huku usiku naingia kazini, na Jumatatu nakabidhi insha kuhusu mvutano wa serikali kuu ya Marekani na majimbo yake.

Mwanzo nimeuelewa. Mkataba wa 1781 uliounganisha majimbo uliipa Kongresi, yaani bunge la taifa, jina tu: haikuweza kutoza kodi, ikawa inapitisha bakuli kwa majimbo kama kamati ya harusi. Ndiyo maana 1787 wakakaa Philadelphia kuandika Katiba mpya.

Nimekwama kwenye kesi ya McCulloch na Maryland, 1819. Jimbo liliitoza kodi benki ya taifa, keshia wa tawi la Baltimore akagoma kulipa. Jaji Mkuu John Marshall akaamua Kongresi inaweza kuanzisha benki hata kama Katiba haitaji benki popote, na jimbo halina ruhusa ya kuitoza kodi. Sasa Marekebisho ya 10 ya Katiba yanasema madaraka ambayo serikali kuu haikupewa yabaki kwa majimbo au wananchi. Mbona kama vinagongana?

Halafu natamani niruke hadi 1984, serikali kuu ilipotishia kukata fedha za barabara kwa majimbo yanayoruhusu walio chini ya miaka 21 kuuziwa pombe. Mahakama Kuu ya nchi ikabariki 1987. Huo kwangu ndio mfano mtamu, maana fedha ndizo zinazoongea. Ila mwenzangu darasani anasema nikiruka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 nimekwisha.

Mliosoma sheria au siasa, nianzie wapi, na nikate nini?