Je, kofia ya mashine iuzwe kwa jina la kofia ya viua?

Mpenda Viua: Ninashauri mamlaka za Zanzibar zimlazimishe muuzaji kusema wazi kama kofia imeshonwa kwa mkono au kwa mashine. Kofia ya viua huchorwa kwanza kwa penseli, kisha kitambaa hutobolewa na kila kitobo, yaani kiua, huzungushiwa uzi, mpaka duara la juu na ukanda wa pembeni vijae maua. Kazi hiyo huweza kuchukua miezi. Leo mtu huingia msikitini na ya mashine akijiona amevaa urithi, kumbe hajui thamani ya kilichomo kichwani mwake.

Mnunuzi: Kuhusu muuzaji sina ugomvi. Lililonichoma ni hilo la msikitini, maana mimi ni mmoja wa hao wasiojua thamani. Kofia yangu ya kila siku huingia jasho, hufuliwa, hutiwa wanga na kuanikwa. Ile ya mkono hutoka Idi na harusini tu. Ni nani basi aliyeiondoa sanaa hii katika maisha ya kila siku, mimi au ninyi mlioipandisha bei ikawa ya kabatini?

Binti wa Mshonaji: “Mlioipandisha” ni akina nani, kaka yangu? Mama hushona usiku, mapishi yakishakwisha, na bei haipangi yeye. Mwenye duka humletea kitambaa kilichokwisha kuchorwa, humlipa ujira anaoupanga mwenye duka mwenyewe, kisha huiuza kofia kwa bei ambayo mama huisikia kwa watu. Wanawake wanaumia macho, halafu wanaambiwa wameua sanaa!

Mwana wa Lamu: Dada, pole kwa mama, lakini umezungumza kana kwamba sindano hii ni ya wanawake peke yao. Kwetu Lamu wapo wanaume wanaoshona kofia barazani, mchana kweupe, na hakuna anayewacheka.

Binti wa Mshonaji: Sikusema wanacheka, wala sikuwataja. Nimezungumzia ujira, au wa Lamu wanalipwa vizuri zaidi?

Mwana wa Lamu: Wanaume wa barazani wengi hujiuzia wenyewe, na hiyo ndiyo tofauti.

Mpenda Viua: Jamani, swali langu lilikuwa la muuzaji.

Mnunuzi: Nalo limejibiwa, maalim: dada anamtaka muuzaji ataje ujira kwanza, mashine baadaye. Mimi ninamuunga mkono, ingawa bado hujaniomba radhi.