"Katulia sasa": ni sonona, ni skizofrenia yenyewe au ni dawa?

Mhudumu_Mbagala: Wakuu, mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili, mtu husikia sauti zisizokuwepo) karuhusiwa hospitali, sauti zimepungua, ila anashinda chumbani, haogi wala haongei. Ndugu wanafurahi eti katulia. Mnatofautishaje? Na lini tuhofie kujiua?

MuuguziAkili: Hiyo "katulia" iogopeni. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa zina hatari kubwa, hasa kwa kijana ambaye ugonjwa umemwanza karibuni na akili imemrudia kiasi cha kuona masomo yalivyomponyoka. Takriban watu 5 kwa kila 100 wenye skizofrenia hufa kwa kujiua.

Hisia zilizofifishwa na skizofrenia yenyewe ni utupu: ukimuuliza, "kawaida tu". Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, anaumia. Anajilaumu, anajiona mzigo, haoni kesho, anaamka kabla ya alfajiri na asubuhi ndiyo mbaya kuliko jioni. Dodoso la Calgary la kupima sonona, maswali 9, limetungwa kwa wagonjwa hawahawa.

Mfamasia_Tmk: Na dawa je? Haloperidoli, dawa ya skizofrenia, hukaza mwili. Mtembeze hatua kumi uangalie mikono: haipungi, uso umeganda. Hapo huenda dozi ni kubwa mno.

Kibaya zaidi ni kutotulia kunakoletwa na dawa: akisimama anahamisha uzito mguu huu kwenda ule, sahani ya wali haimalizi bila kunyanyuka. Huanza siku au wiki chache baada ya kuanza dawa au kuongezwa dozi, na mateso yake yanaweza kumfanya atamani kufa. Ndugu hudhani ugonjwa umerudi, dozi inaongezwa, anazidi kuteseka. Kliniki wanaweza kupunguza dozi au kumpa propranololi (mwenye pumu aseme mapema). Asiache dawa ghafla.

Mhudumu_Mbagala: Nikimuuliza waziwazi kuhusu kujiua, si nitampa wazo?

MuuguziAkili: Humpi. Mkae wawili tu, umuulize: "Umefika mahali pa kuona heri ufe? Umeshapanga? Sauti zinakuamuru ujidhuru?" Akikubali kwamba amepanga au anaamriwa, asiachwe peke yake hata dakika. Dawa zote zitunzwe na ndugu, apewe dozi moja moja. Amitriptilini, dawa ya sonona, ikizidi inaua. Usiku huohuo apelekwe dharura, Temeke au Muhimbili, siku ya kliniki isisubiriwe.

Mfamasia_Tmk: Kama ameshawahi kujaribu, muulizeni daktari kuhusu klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia. Utafiti wa mwaka 2003 uliilinganisha na olanzapini, nayo dawa ya skizofrenia, majaribio ya kujiua yakawa machache kwenye klozapini. Ila chembe nyeupe za damu hupimwa kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, kwa hiyo pangeni nauli kabisa.