Wadau mlioko Uingereza, tarehe 4 Julai mnapiga kura au mnalala? Mimi midia zao zimenichosha

Mbeba_Boksi_wa_Mersey (Jumanne 25 Juni 2024, usiku)

Habari za usiku wakuu. Naomba kuuliza wale tulioko huku kwa Mfalme, hii kura ya tarehe 4 mnaenda? Maana mimi nilijiandikisha kabla dirisha halijafungwa tarehe 18, kadi yao imeshakuja kwa posta iko hapo juu ya friji, lakini kadri siku zinavyosogea ndio hamu inaniisha.

Kwanza hawa jamaa wenyewe. Sunak, waziri mkuu wa Conservative, katangaza uchaguzi kasimama kwenye mvua pale Downing Street suti imelowa chapachapa, wiki mbili mbele akaondoka mapema kwenye kumbukumbu ya D-Day ya Vita vya Pili vya Dunia kule Ufaransa akawahi mahojiano ya tivii, na sasa ni habari za watu wa chama chake kubeti tarehe ya uchaguzi kabla haijatangazwa, msaidizi wake bungeni aliweka paundi 100. Unasema haya, hawa wamekwisha, twende Labour. Leo jioni unasikia Labour nao wamemsimamisha mgombea wao, yeye alibeti kwamba atashindwa kwenye jimbo lake mwenyewe! Sasa mtu kama huyo anakuja kukuomba kura kwa uso gani?

Pili midia. Mdahalo wa ITV waliwapa sekunde 45 kila jibu, habari ya foleni za hospitali sekunde 45, nyumba sekunde 45. Sunak akang'ang'ana na ile paundi 2,000 ya kodi ambayo ati Labour wataiongeza kila kaya, asubuhi yake imejaa kila mahali, baadaye ndio tunaambiwa kumbe ni jumla ya miaka minne, na katibu mkuu wa Hazina alishaandika barua kwamba hesabu hiyo isisemwe ni ya watumishi wa serikali. Barua hiyo nani kaisoma? Na kodi ya kweli hakuna anayeigusa, kima cha kuanza kukatwa kimegandishwa paundi 12,570 mpaka 2028, ukiongezwa mshahara kidogo tu wanakula, vyama vyote viwili kimya na waandishi hawawabani. Ila wakifika kwa wahamiaji wote wanapata sauti, kila mmoja anajinadi yeye ndiye atatupunguza zaidi, huku ada ya afya ya viza imefika 1,035 kwa mwaka na kodi tunakatwa vilevile.

Sasa niende kufanya nini? Nawasilisha.

Kibuyu_Kizee

Lala mkuu. Mimi niko hapa tangu enzi za Blair, serikali zinapita pango linapanda. 2010 yule Clegg wa Lib Dem alisaini mbele ya kamera kwamba hatokubali ada ya chuo ipande, akaingia serikalini na Cameron wa Conservative ada ikatoka 3,000 na ushee ikaenda 9,000. Starmer wa Labour naye wakati anautafuta uongozi wa chama 2020 alisema ada zitafutwa, saa hizi umemsikia? Binti yangu ndio analipa hizo ahadi zao.

Bi_Sakina

Mbeba Boksi mdogo wangu, unachanganya vitu viwili. Magazeti ya huku hayajawahi kujifanya hayana upande, Mail na Telegraph ni ya Conservative, Mirror ni ya Labour, mtu anajua kabla hajatoa hela yake. The Sun siku ya kura 1992 waliweka kichwa cha Kinnock, kiongozi wa Labour wakati huo, ndani ya balbu, ati akishinda mtu wa mwisho kutoka Uingereza azime taa, Conservative waliposhinda gazeti likajisifu ukurasa wa mbele kwamba wao ndio wamewapa ushindi, halafu 1997 hao wakahamia kwa Blair wa Labour. Wala hakuna sheria inayowakataza. Sheria iko kwa tivii na redio, Ofcom ndio inawasimamia wasiegemee upande, na siku ya kura tangu vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi mpaka saa 4 usiku hawaruhusiwi kujadili sera hata moja, ndio maana siku hiyo wanatuonyesha mbwa wa watu wamefungwa nje ya vituo.

Na wewe uko Liverpool, mji ambao haufundishwi kitu kuhusu magazeti. Aprili 1989 maafa ya uwanja wa mpira wa Hillsborough, mashabiki wa Liverpool waliokufa kwa hesabu ya leo ni 97, siku nne baadaye The Sun wanaandika kwamba mashabiki waliwaibia majeruhi na kuwakojolea polisi. Uongo mtupu. Ilichukua mpaka 2012 kuomba radhi ukurasa wa mbele. Hakuna aliyesubiri Ofcom, watu waliacha kununua, na wenye maduka wengi wakaacha kuuza. Kwa hiyo usiniambie msomaji hana nguvu.

Mbeba_Boksi_wa_Mersey

Nakubali dada, lakini hapo hapo ndio panaponiuma. Starmer huyo huyo alikuja hapa mjini 2020 akaahidi hatoongea na The Sun kwenye kampeni yake ya uongozi, watu wakampigia makofi, 2021 akawaandikia makala. Hapa kazini kuna mzee mmoja mzaliwa wa Bootle, Labour tangu ujana. Siku moja kijana wa wakala aliacha The Sun kwenye meza ya kantini, mzee akalishika kwa ncha za vidole viwili akaenda kulitia kwenye pipa, akarudi akanawa mikono kabisa na sabuni ndio akafungua chakula chake. Mzee wa namna hiyo mwaka huu anasema haendi, wakishamkosa huyo mimi wa juzi watanipata wapi?

Chuma_cha_Reli

Bi Sakina kwa heshima zote hiyo Ofcom ni nzuri kwenye karatasi. 2019 BBC walionyesha picha ya Johnson, waziri mkuu wa wakati huo wa Conservative, anaweka shada la Siku ya Kumbukumbu, picha ni ya 2016, ya mwaka ule alilichomeka juu chini. Wakasema ni makosa ya utayarishaji. Wiki chache mbele Johnson kaulizwa habari ya kusema ukweli ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwenye taarifa ya mchana kicheko kimekatwa. Makosa tena. Mbona makosa yanaangukia upande mmoja?

Bi_Sakina

Hayaangukii upande mmoja baba, wewe unayakumbuka ya upande wako. Mwezi uliopita tu BBC hao hao wameomba radhi kwa Farage wa chama cha Reform, mtangazaji alisema hewani kwamba lugha yake ni ya uchochezi kama kawaida yake. Watu wa Reform wanaapa BBC ni ya mrengo wa kushoto, watu wa Corbyn, aliyeongoza Labour kabla ya Starmer, wanaapa ni ya Conservative. Mimi kinachonikera ni kingine, asubuhi redio zinasoma kurasa za mbele za magazeti, kwa hiyo ajenda ya Mail inaingia jikoni kwako hata kama hujawahi kulinunua. Hilo Ofcom haligusi.

Shemeji_wa_Glasgow

Mnapiga kelele kuhusu magazeti wakati tatizo ni ramani. Mkuu kama uko jimbo la Walton hapo Liverpool, 2019 Labour walipata karibu asilimia 85. Hata The Sun, Mail na BBC wakeshe wakikudanganya matokeo ya hapo ni yale yale. Nchi nzima viti 650, vinavyobishaniwa kweli ni vichache, ndiko mabasi ya kampeni yanakokwenda, kwenu hujaona hata kipeperushi, au uongo? 2015 UKIP, chama cha Farage wakati huo, walipata kura karibu milioni 4 wakaambulia mbunge mmoja, SNP, chama cha kwetu huku Scotland, hawakufika milioni moja na nusu wakachukua 56. Nilifurahi sana mwaka ule, sikatai, ila haki haikuwepo.

Lakini kulala pia hakusemi kitu, hakuna anayehesabu waliolala kwa hasira na waliolala kwa usingizi. Nenda kampe mgombea mdogo unayemkubali, wakivuka asilimia 5 wanarudishiwa dhamana yao ya paundi 500, kwa chama kisicho na hela hiyo ni kitu. Humtaki yeyote, iharibu karatasi, kura zilizoharibika zinahesabiwa na zinatangazwa.

Kibuyu_Kizee

Nitoke kazini nimechoka nipange foleni niandike matusi kwenye karatasi na penseli ya kufungwa kwa kamba? Hapana aisee.

Mama_Wawili_Reading

Mie jirani yangu ni Mjerumani, miaka ishirini na kitu yuko hapa, analipa kodi kuliko mimi, uchaguzi wa Bunge haumruhusu kupiga kura. Mimi na pasi yangu ya Tanzania naruhusiwa kwa sababu ya Jumuiya ya Madola tu. Nikikaa nyumbani nitamwangalia vipi. Naenda, naye kashaniambia nimpigie nani, hilo ni siri yetu 😂

Jamani msisahau kitambulisho chenye picha, huku kwetu England uchaguzi mkuu wa kwanza kudai hivyo ndio huu. Usije ukawa kama Johnson, sheria imepita wakati wake yeye, Mei 2 mwaka huu kaenda kituoni bila kitambulisho karudishwa. Na kama hapo pia hamuoni upendeleo basi, kadi ya basi ya mzee inakubalika, ya kijana haikubaliki.

Mbeba_Boksi_wa_Mersey

Hiyo ya kadi za basi sikuijua, kumbe hata mlangoni wamechagua. Pasi yangu ya Tanzania imeisha muda tangu Machi na sijapata nafasi ya kwenda London ubalozini, hapo vipi?

Mama_Wawili_Reading

Pasi za nchi za Jumuiya ya Madola zinapokelewa hata ikiwa imeisha muda, mradi picha ifanane na wewe na jina liwe lile uliloandikishia. Ile kadi ya ukaazi yenye alama za vidole nayo inapita. Asiye na kitu chochote aombe cheti cha mpiga kura onlaini, ni bure, mwisho kesho Jumatano saa 11 jioni.

Mbeba_Boksi_wa_Mersey

Picha yenyewe nilikuwa na nywele.