Pampu ya kitalu inajiwasha usiku: naomba ushauri

Mche_Rungwe: Wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Nina kitalu cha miche ya parachichi karibu na Tukuyu. Vipima unyevu hutuma taarifa kwa LoRaWAN, mtandao wa redio wa masafa marefu unaotumia umeme kidogo, na pampu hujiwasha udongo ukikauka. Siku hizi inajiwasha usiku ilhali viriba vimelowa chepechepe, na mizizi imeanza kuoza. Je, ninunue antena kubwa zaidi?

Mzee_wa_Uyole: Marahaba. Sisi tulimwagilia kwa keni, na kipima unyevu kilikuwa kidole.

Fundi_Mafinga: Antena haihusiki. Vipima hupata funguo mpya kila vinapojiunga (OTAA), au vimewekewa funguo za kudumu (ABP)? Na seva, yaani kompyuta inayopokea taarifa, hukagua kihesabu cha ujumbe, ile namba inayopanda kwa kila ujumbe?

BintiKyela: Mimi naona hadithi hii ni ya kutunga. Februari hii mvua ya Rungwe haikatiki, nani anamwagilia?

Mche_Rungwe: Kitalu kimeezekwa nailoni, dada, mvua haiingii. Fundi, ni ABP. Aliyenifungia alizima ukaguzi huo, kwa sababu kila tulipobadilisha betri kihesabu kilianza sifuri na seva ikakataa taarifa. Sioni kosa lake, maana ujumbe wote umefichwa kwa AES, njia ya kuficha kwa ufunguo wa siri, ya biti 128.

Fundi_Mafinga: AES huficha yaliyomo, lakini haimzuii mtu kuurudia ujumbe. Mwenye redio ya bei nafuu akinasa mchana ujumbe unaosema udongo umekauka, anaweza kuurusha usiku bila kuujua ufunguo, na seva isiyotazama namba itaupokea kama mpya. Tena, kihesabu kikianza upya kwa funguo zilezile, jumbe mbili zenye namba moja huwa zimefichwa kwa namna moja, na anayezilinganisha huanza kuambulia yaliyomo.

Mzee_wa_Uyole: Ajiri mlinzi. Vijana mnakwepa mishahara.

Fundi_Mafinga: Kwa nini usihamie OTAA?

Mche_Rungwe: Nimeshalipa amana ya vipima vingine vya aina hiyohiyo, na muuzaji alinipunguzia bei.

BintiKyela: Kumbe ulikuja kutafuta baraka, si ushauri.

Fundi_Mafinga: Usimalizie malipo hadi akuthibitishie kwamba vinakubali OTAA, kila kimoja na ufunguo wake. Usiku huu iendeshe pampu kwa mkono, kisha asubuhi ufungue kumbukumbu za seva. Ujumbe wa usiku ukiwa na namba iliyokwisha kupita, huku betri haijaguswa, umerudiwa; namba zikifuatana sawasawa, kagua kipima chenyewe kabla hujamshuku jirani.

Mche_Rungwe: Kumbukumbu nitazitazama. Amana siidai.