Tupeane uzoefu: apdeti iliyoingia bila hodi

Mwana wa Mikindani

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tupeane uzoefu kuhusu hizi apdeti zinazojiwekea zenyewe kwenye kompyuta na simu zetu, maana jana zimenigharimu na mpaka sasa hasira haijaisha.

Nina steshenari ndogo hapa Mtwara mjini, kompyuta moja, printa moja na mashine ya fotokopi. Intaneti yangu ni hotspoti ya simu, bando la GB 5 nalolipangia linitoe Jumatatu mpaka Jumapili. Asubuhi nimefungua tu akaja mama mmoja wa Msanga Mkuu, kavuka na kivuko mapema, barua ya kikundi chao ya kuombea mkopo iko kwenye imeili na anataka kopi nne aziwahishe ofisini saa mbili. Nawasha kompyuta, skrini ya bluu, kale kaduara kanazunguka, "usizime kompyuta yako", asilimia 8. Nikamwambia mama kaa kidogo. Asilimia 11. Yule mama kakaa kwenye benchi kashika bahasha yake ya kaki kwa mikono miwili, anaiangalia skrini pamoja na mimi. Ikafika 30 ikajizima, ikawaka, ikaanza tena 30. Saa mbili na dakika ishirini akanyanyuka akasema mwanangu ngoja nikajaribu kwingine. Sikuwa na la kumjibu. Kompyuta imekuja kufunguka saa tatu kasoro, naangalia bando zimebaki MB 212. Zaidi ya GB tatu zimeondoka usiku mmoja kwa sababu nilisahau hotspoti wazi nilipokuwa nafunga mahesabu.

Kinachoniuma siyo apdeti yenyewe. Kwetu mgeni hata akija na zawadi anapiga hodi, asipoitikiwa mara tatu anarudi alikotoka. Hiki kimeingia usiku kikala akiba yangu, na asubuhi nimekikuta kimekaa kwenye kazi ya mteja. Wenzangu yamewakuta? Na mwenye dawa aiseme hapa hapa.

Mwalimu wa Uwandani

Pole sana mkuu. Yangu ya Newala. Ofisi ya taaluma tuna kompyuta moja ya mezani, haina UPS, kile kiboksi cha kuhifadhi umeme, umeme ukikata na yenyewe imekata. Wiki ya kufunga muhula nimeingiza alama za kidato cha pili, watoto 143 masomo tisa, kimebaki kuprinti ripoti. Nikabonyeza kuzima niende kula. Kumbe pale pa kuzima maneno yalikuwa yamebadilika yamekuwa "sasisha kisha zima", mi kwa mazoea nikabonyeza tu nikaondoka. Haikupita robo saa umeme ukakatika. Uliporudi magharibi mashine inawaka inajizima, inawaka inajizima, tukaifunga kwenye shuka tukaipakia kwenye Noah mpaka Masasi kwa fundi. Alama zilipona maana zilikuwa kwenye diski, ila wazazi ripoti wamezipata wiki mbili baada ya shule kufungwa na wengine walishaingia mashambani hawakuzipata kabisa.

Najua apdeti haikukata umeme. Lakini anayetengeneza kitu ambacho kikikatizwa katikati kinaua mashine, angejua kuna sehemu umeme unakatika bila kuaga.

Wakala Nachi

Mi nipo Nachingwea nafanya uwakala wa pesa. Ile app ya kufanyia kazi siku ya gulio saa nne asubuhi inaandika "toleo hili limeisha muda, sasisha uendelee" na haikupi njia nyingine, hamna kitufe cha baadaye. Mtandao wenyewe siku ya gulio unasota, watu kibao. Dada mmoja anataka kutoa elfu arobaini ampeleke mtoto hospitali. Nilichofanya nimempa za mfukoni kwangu nikaandika namba yake kwenye daftari, app ilipofunguka jioni akaja tukamalizana. Kwa nini wasitoe taarifa siku mbili kabla kwamba Ijumaa toleo hili linafungwa? Meseji za matangazo wanatuma kila siku.

Bint Mingoyo

Shikamooni wakubwa. Mi naongelea simu.

Mama yangu yuko Mingoyo, ana miaka 71, herufi anazozijua ni za Kiarabu za madrasa, hizi zetu hasomi. Simu ya tachi tulichanga watoto watatu tukamnunulia ili awe anawaona wajukuu walioko Dar. Kumfundisha nilitumia siku nne za likizo na hakujifunza maneno, alijifunza mahali. Kile cha kijani chini mkono wa kulia ndo cha kuwaonea watoto. Ukipigiwa, weka kidole kwenye duara pandisha juu, kama unavyopandisha tonge kutoka kwenye sahani, huo mfano wa tonge katunga mwenyewe. Alishika kabisa, ikawa yeye ndo anatupigia sisi kutukumbusha swala.

Bas usiku mmoja simu ikajiapdeti. Hamna aliyeigusa. Asubuhi vitu vimehama, na kupokea siyo kupandisha tena ni kusukuma pembeni. Napiga inaita mpaka inakata. Napiga tena inaita inakata. Siku ya kwanza nikasema atakuwa shamba, siku ya pili nikampigia jirani hapatikani, usiku sikulala, siku ya tatu nikaomba ruhusa kazini nikapanda Coaster hapa Mtwara nikashuka Mnazi Mmoja nikamalizia kwa miguu huku moyo unadunda. Nimemkuta barazani anamenya ming'oko, mzima wa afya. Simu iko ndani, kaiviringisha kwenye kitambaa kaiweka chini ya mto. Akaniambia mwanangu simu imenikataa, napandisha haipandi, nimejua nimeiharibu nikaogopa kuwaambia.

Ameogopa. Mwanamke kalea watoto sita kwa jembe la mkono, amekaa siku tatu anaamini kaharibu kitu cha laki mbili na nusu cha wanawe, na kila ikiita anaiangalia tu mpaka inanyamaza. Mi hapo ndo siwezi kusamehe. Wanaohamisha vitufe wanaona ni urembo, kwa mama yangu ni kama karudi kutoka kisimani akakuta mlango wa nyumba yake umehamishiwa upande wa chooni.

Karani wa Msingi

Dada umenitoa machozi aisee, mpe shikamoo bi mkubwa.

Yangu fupi. Msimu wa korosho, siku ya kuandaa orodha ya malipo baada ya mnada, programu ya majedwali ikaamka na toleo jipya inataka akaunti na neno la siri, na kijana aliyetufungia alishahamia Dodoma. Wakulima wapo nje tangu alfajiri kila mtu na stakabadhi yake mkononi. Tukarudi kwenye daftari na kikokotoo, kilo mara bei toa makato, kilo mara bei toa makato, mpaka saa nne usiku kwa taa ya simu. Tangu siku hiyo ikifika Septemba ile mashine haionji intaneti mpaka msimu uishe.

Kivinje Kwetu

Mei 2024 sisi wa Kilwa tulipigwa mara mbili. Kwanza kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, afu tarehe 12 kebo za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika, intaneti nchi nzima ikawa shida. Mdogo wangu yuko Dar na mzigo wa duka, tunategemea meseji za sauti kujuana gari imepita au haijapita. Intaneti ikaanza kurudi kwa kuchechemea, nimesimama uwanjani ndo panaposhika, nasubiri sauti ya mdogo wangu ishuke haishuki. Nashusha pazia la juu la simu naona kishale kinashuka, app 17 zinajiapdeti kwa pamoja ikiwemo gemu la mtoto. Yaani kile kijito kidogo cha mtandao tulichokisubiri, simu imekipeleka chote kwenye gemu.

Fundi Masasi

Nimezisoma zote toka juu. Kazi yangu ndo hii na mashine ya namna ya kwa mwalimu nimezipokea nyingi zimefungwa kwenye mashuka, kwaiyo nivumilieni nitakuwa mrefu.

Mwana wa Mikindani, tatizo lako limeanzia kwenye neno wai-fai. Waliotengeneza hii mifumo kwao wai-fai ni intaneti ya mwezi mzima isiyohesabiwa, unashusha unavyotaka bei ile ile. Huku kwetu wai-fai ni simu ya mtu mfukoni yenye bando la wiki. Kompyuta haijui tofauti, ikiona wai-fai inajua ni mserereko. Kwa wanaotumia Windows, ingia kwenye setingi za ule mtandao wako wa hotspoti, kuna swichi imeandikwa "metered", maana yake intaneti hii inapimwa. Iwashe. Hapo kompyuta apdeti nyingi haitazishusha mpaka uiruhusu. Kila hotspoti mpya unaiwashia upya, usisahau hilo, wengi wanaliwa hapo.

Pili mjue ratiba. Apdeti kubwa za Windows za kila mwezi hutolewa Jumanne ya pili ya mwezi, asubuhi ya kule Marekani, kwa saa zetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Kwaiyo Jumatano inayofuata ukifungua ofisi kuwa macho. Kuna sehemu ya kusitisha apdeti mpaka wiki 5, karani hiyo ingekufaa kuliko kuinyima mashine intaneti msimu mzima. Na kuna sehemu ya kutaja saa zako za kazi, inakubali mpaka saa 18 kwa siku, ndani ya hizo haitajiristati yenyewe.

Sasa jambo ambalo mtanikasirikia. Msizizime moja kwa moja. Mei 2017 kuna kirusi kiliitwa WannaCry, kilifunga mafaili ya watu kikadai hela, nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Tundu la Windows kililopitia lilishazibwa na apdeti ya Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni ambao hawakuweka. Na steshenari ndo sehemu mbaya kuliko zote maana kila mteja anakuja na fleshi yake haujui imetoka wapi.

Mwalimu wa Uwandani

Fundi nakuheshimu ila naona unazitetea. Hiyo ya kuziba tundu sawa nimekubali. Sasa kuhamisha vitufe vya bi mkubwa kunaziba tundu gani?

Fundi Masasi

Hapo mwalimu hata mimi sina utetezi. Viraka vya usalama na mabadiliko ya sura wamevifunga kwenye kifurushi kimoja, ukitaka dawa lazima uchukue na rangi mpya ya ukuta. Vingekuja mbali mbali hakuna ambaye angegomea dawa.

Bint Mingoyo fanya hivi. Kwenye duka la app la simu, Play Store, gusa picha yako pale juu, ingia setingi, zima kujiapdeti kwa app, uwe unamwekea mwenyewe ukienda kumsalimia. App ya kupigia iliyokuja na simu unaweza kuiondolea apdeti ikarudi ilivyotoka kiwandani. Na baadhi ya simu ndani ya hiyo app kuna pa kuchagua namna ya kupokea. Jaribu kabla hujaanza kumfundisha upya.

Wenye kompyuta za mezani, msianze apdeti bila UPS. Laptopu ijaze chaji kwanza, fanya Jumapili kukiwa kumetulia. Na wenye Windows 10 mjue msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha ndani ya mashine kinaitwa TPM 2.0 ambacho laptopu nyingi za mtumba hazina. Msikubali kuuziwa kitu kabla hamjaniuliza, kuuliza ni bure.

Bint Mingoyo

Fundi Mungu akulipe. Nimekwenda jana Jumamosi, nimeiondolea apdeti kama ulivyosema, duara limerudi na linapanda juu. Nikatoka nje nikasimama kwenye mkorosho nikampigia. Ikaita mara moja tu akapokea, akasema haloo, uko wapi, mbona nakusikia huku nje.

Mwana wa Mikindani

Alhamdulillah dada.

Mi swichi ya kupima nimeiwasha toka Alhamisi, bando jipya limefika leo Jumapili bado lina GB 1 na kidogo. Yule mama wa Msanga Mkuu nimemtafuta kupitia mtu wa kivukoni, barua aliprintiwa sehemu nyingine ila alifika saa tatu wakamwambia aje wiki ijayo. Nimemwambia siku hiyo apitie kwangu, kopi zote juu yangu. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa nimeshafungua na kompyuta imeshawaka.

Mchele wa Kitere

Wakuu samahani naingilia, fundi upo? Laptopu ya shemeji imegota asilimia 35 toka saa nane mchana, nimeshika kitufe cha kuzimia hapa nataka niiue.

Fundi Masasi

Toa kidole. Iko kwenye chaji? Angalia kitaa kidogo cha diski kama kinapepesa. Kama kinapepesa iache, nenda kaswali magharibi urudi.

Mchele wa Kitere

Kinapepesa. Chaji ipo. Naiacha.

Mchele wa Kitere

61.